Puti ya Nje

Nisogezeeni huo mto mgongoni, hivyo hivyo, kisha tulieni, maana nikianza kusema sitaki kukatizwa, na pumzi niliyobakiwa nayo si ya kurudia maneno. Wewe Mwalimu, mwanangu wa kwanza, kaa hapa ubavuni pangu nikushike mkono, na hayo machozi yaweke kwanza, utayahitaji baadaye. Wewe Bwana Saa, mwanangu wa katikati, vuta kiti cha marehemu baba yako ukikalie, uache kuitazama hiyo saa, kwa kuwa humu ndani mwenye haki ya kuwa na haraka ni mimi, nami sijaona sababu ya kukimbia. Na wewe Kimya, kitinda mimba wangu, uliyesimama juu ya ngazi nje ya dirisha hili, endelea na kazi yako kama kuingia hutaki, lakini usijifanye hunisikii. Dirisha liko wazi, na masikio yako hukuyaziba kwa puti.

Najua kilichowaleta. Daktari aliwaita kando akawaambia ya kuwaambia, akidhani nimelala, kumbe nilikuwa nimefumba macho kwa adabu tu, nisimwone anavyohangaika kutafuta maneno. Najua pia kwamba mwisho wa wiki kuna mtu anakuja kuitazama nyumba hii kwa nia ya kuinunua, na ndiyo maana tangu jana mnakwangua rangi ya zamani na kuziba kwa puti matundu ya misumari kwenye mikanda ya mbao inayozunguka madirisha, ili akifika asione ilivyochakaa. Mama anaaga na nyumba inapambwa. Sikasiriki, msitazamane. Lakini mjue kwamba nayajua.

Wosia wangu una mambo mengi, ila neno ninalolitaka ni moja, nami nalitanguliza msije mkakaa mnakisia. Nataka kuwaona ninyi watatu ndani ya chumba hiki, kwa pamoja, kabla sijafumba macho. Watatu, si wawili kitini na mmoja dirishani. Mpaka hapo, kauli yangu juu ya nyumba haitoki, na kidole changu hakitagusa wino wa mtu yeyote.

Wala msiniulize kwa nini. Tangu tulipomzika baba yenu, Bwana Saa akiingia kwa mlango wa mbele, Kimya anatokea kwa mlango wa nyuma. Dada yenu, mtu mzima mwenye wajukuu, mmemgeuza tarishi. "Mwambie ndugu yako chakula kiko mezani." "Mwambie ndugu yako asogeze gari lake." Jana nimemsikia akienda na kurudi ukumbini mpaka nikachoka mimi niliyelala. Mwalimu, mwanangu, pole sana. Hiyo kazi leo naifuta.

Sasa nalisema lenyewe, kwa kuwa nikiondoka bila kulisema litabaki humu ndani na fenicha. Siku baba yenu alipofariki, Kimya alikuwa mbali, huko anakotengeneza friji za watu, akapanda basi la kwanza alilolipata. Basi likaharibika njiani. Akapiga simu, akasema neno moja, na kwa kuwa ni yeye, neno moja lilikuwa ni hotuba nzima: "Nisubirini." Nawe Bwana Saa ukayatazama mawingu, ukawatazama watu waliokuwa wamesimama na viatu vyao vya heshima, ukaitazama saa, ukasema twendeni, mvua itatukuta makaburini. Mimi nilikuwa nimekaa chini nimejifunika uso, na hakuna aliyeinama kuniuliza. Kimya alifika udongo ukiwa bado mbichi, watu wameshageuza migongo, mfuko wake wa safari uko begani. Alisimama pale mpaka giza likaingia. Na mvua yenyewe haikunyesha.

Bwana Saa, kaa, usiinuke. Sikusemi kwa ubaya. Wewe tangu utoto ukiogopa unakimbilia ratiba. Siku ya mtihani ulikuwa unapanga viatu mstari, siku ya harusi yako uliwapanga mpaka wakwe. Siku ile baba yako alikuwa kwenye sanduku, ukaogopa, ukashika kitu pekee ulichokijua, na ulichokijua kilikuwa ni kuyaondoa malori kwa wakati, kama kazini kwako. Naelewa. Lakini ulikosea, mwanangu, na ulimkosea mtu ambaye alikuwa ameomba kitu kidogo sana.

Na wewe uliye nje, usifurahi. Mwenzako nimemwona kwa macho yangu akisimama jikoni na radhi mdomoni, amevuta pumzi, anataka kuanza, nawe umeshatoka kwa mlango wa nyuma ukaacha kikombe kinafuka mvuke. Mara ngapi? Mtu akitaka kukuomba msamaha na wewe humpi hata mahali pa kusimama, atauomba kwa nani, kwa sufuria? Nimenyamaza nikidhani mtakua. Mmekua mpaka mna mvi, na bado.

Basi tuongee kazi, maana katika nyumba hii kazi ndiyo iliyokuwa rahisi kuizungumza. Kimya, hiyo puti unayoweka siyo. Nimelala hapa tangu asubuhi nikivuta hewa ya dirishani na harufu ya mafuta sijaisikia. Huo ni unga mweupe wa kuta za ndani, wa kukorogwa na maji. Nani aliununua? Msinijibu. Bwana Saa aliusoma mfuko dukani, akaona umeandikwa kwamba unakauka upesi, akaona amepata dawa ya dunia. Mwalimu, umecheka. Afadhali. Tangu ulipofika sikuwa nimekusikia ukicheka.

Sikilizeni. Puti ya ndani ukiiweka nje inapendeza mpaka mvua ya kwanza. Inakunywa maji, inavimba, inaisukuma rangi, halafu inadondoka, na ukichungulia unakuta msumari umeanza kutu na ubao umelainika pembeni. Na ninyi msinigeuzie maneno yangu yakawa mahubiri. Mwalimu ana tabia hiyo, kila kitu kwake ni funzo. Mimi nikisema tundu namaanisha tundu. Miaka yote watu wa mtaa huu waliniita Mama Puti, wala si kwa sababu ya hekima, ni kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vyeupe siku zote, na nilipowapa mkono niliwaachia alama.

Bwana Saa, sasa inuka, nimekuruhusu. Nenda stoo. Kwenye rafu ya chini, nyuma ya makopo ya rangi, kuna unga wa chokaa laini kwenye kopo lenye mfuniko wa bluu, na chupa ya mafuta ya kitani yaliyochemshwa. Kuna na panchi ya baba yako, ile ya chuma yenye ncha butu, ya kuzamishia vichwa vya misumari. Leta vyote, na kibao cha kukandia. Nenda taratibu, mimi sitakufa ukiwa stoo, nakuahidi.

Ametoka. Kimya, nasikia ngazi inalia, umeshusha mguu mmoja. Rudisha. Najua ungeingia sasa hivi kwa kuwa yeye hayumo, ungenishika mkono, ungenipa maji, kisha ukisikia viatu vyake ukumbini ungerukia dirishani kama mwizi wa kuku. Sitaki. Nimesema watatu. Nakutamani uingie kuliko ninavyotamani maji, mwanangu, na bado nakuambia bakia huko huko mpaka arudi.

Na kwa kuwa tumebaki sisi, niwaambie jinsi nilivyokaa humu, maana kwenye simu nilikuwa nasema "mimi mzima tu" na ninyi mkawa mnaamini. Nimekuwa mpweke. Nalisema hivyo hivyo bila kulipamba. Nilikuwa nawasha redio si kwa habari, bali pawe na mtu anayeongea chumba cha pili. Nilikuwa nafua shuka zisizolaliwa. Muuza maziwa alipogonga mlango nilikuwa namchelewesha kwa makusudi, nadai sioni pochi, na pochi iko kwapani, ili tu aendelee kunieleza habari za goti lake. Mwalimu, ulikuwa unanipigia huku unasahihisha madaftari, nilikuwa naisikia kalamu. Ndugu yako alikuwa anaanza na "Mama, nina dakika chache," na alikuwa mkweli, zilikuwa chache kweli. Na Kimya alikuwa anapiga anapumua tu upande wa pili, nami namwambia, sema basi, anasema, "Nipo." Nilikuwa nashukuru hata hilo.

Kila mwaka kiangazi kilipoanza niliwaambia neno moja, mmesahau? Nilisema, mikanda ya madirisha imefumuka matundu, nakwenda kuyaziba, aje mmoja wenu anishikie ngazi. Nanyi, kwa mapenzi yenu, mkanitumia fundi. Kijana mwenye adabu kabisa, na vifaa vyake vizuri. Nikampa chai nikamrudisha kwao. Mwaka uliofuata mkatuma mwingine. Sikuhitaji fundi, jamani! Fundi ni mimi! Ngazi yenyewe naweza kuifunga kamba kwenye nguzo ikasimama bila mtu. Nilitaka mtu wa kuishika, asimame pale chini, nikigeuka nimwone, aniambie, "Mama, angalia mguu." Ndilo nililokuwa nalitaka, na sikujua namna ya kuliomba isipokuwa kwa kusema habari ya ngazi.

Nyamaza, Mwalimu. Sikulaumu. Nipe maji kidogo... Basi. Inatosha.

Haya, umerudi. Kaa kwenye kiti, weka kibao magotini. Mimina unga, toboa katikati, tia mafuta kidogo kidogo, na ukande. Vua pete kwanza. Kanda mpaka iache kushika vidole. Ikivunjika ni kavu, ongeza mafuta. Ikiteleza ni laini mno, ongeza unga. Bwana Saa, hiyo haina dakika zake, acha kuuliza ni muda gani, utajua kwa vidole. Unaona? Harufu ndiyo hiyo. Baba yenu alikuwa akiingia nyumbani anasema hii harufu ndiyo manukato yangu, na kwa kweli mengine hakuwahi kuninunulia.

Na wewe uliye nje, wakati ndugu yako anakanda, kwangua yote uliyoweka. Yote, mpaka ukione kichwa cha msumari. Bwana Saa, mpitishie panchi dirishani. Kwa mkono wako. Nimesema kwa mkono wako, usimpe dada yako akampe. Mwalimu, rudisha mkono wako hapa, umefutwa kazi, hukusikia?

Ameipokea. Vizuri.

Sasa piga. Weka ncha ya panchi katikati ya kichwa cha msumari, gonga kidogo tu, uzame chini ya uso wa ubao kiasi cha unene wa ukucha. Ukiuacha juu, puti inakuwa ngozi nyembamba juu ya chuma na jua litaibandua. Kisha futa vumbi kwa brashi kavu, usipulize kwa mdomo, mate ni maji. Kisha chovya ncha ya brashi ndogo kwenye mafuta uguse ndani ya tundu, kuta zake zote. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Ubao mkavu una kiu. Usipounywesha kwanza utayanyonya mafuta ya puti yako, na puti inabaki unga mtupu, inadondoka ukifunga dirisha kwa nguvu. Fanya dirisha hili tu. Mengine yana siku zake.

Na upande wa chini wa kizingiti, msisahau. Baba yenu alikuwa ananitania, "Mama Puti, huko chini nani atachungulia?" Namwambia, maji yatachungulia. Alikuwa mtu wa kupiga misumari, yule. Ubao unaohitaji misumari mitatu yeye ataupiga mitano, ili alale usingizi, na kila mmoja anaozidisha ni tundu langu. Nilimwambia ungepunguza misumari, mume wangu, ningezeeka polepole.

Nyumba hii, basi, nilisema kauli haitoki mpaka mwe watatu humu ndani, lakini sauti inaniishia, nianze nayo; kidole ndicho kitasubiri. Ni yenu watatu, sawasawa, hakuna mkubwa wala mdogo. Mkitaka kuiuza iuzeni, mimi sitatoka nilikolala kuja kuwazuia, na nyumba isiyo na watu najua inavyokuwa, nimekaa ndani yake. Ila mkate shauri hilo mkiwa mmekaa meza moja, mkitazamana, kila mmoja akisema kwa kinywa chake. Na mnunuzi aambiwe kwamba ubao wa chini wa dirisha la jikoni umeoza kwa ndani. Msiufiche kwa rangi, mimi jina langu limo kwenye mbao hizi. Kisu changu cha puti, kile cha mpini wa mbao, nakupa wewe Mwalimu, najua utakifanya cha kupakia siagi na mimi sijali. Panchi imeshafika kwa mwenyewe. Ngazi nampa Bwana Saa. Usigune. Utaifunga juu ya gari lako, na watoto wako wakikuita waipande, wewe utasimama chini. Sidai mtu na sidaiwi. Yule jirani tuliyegombana naye kwa ajili ya mti wake uliokuwa unatuangushia majani kwenye paa, mwambieni nimemwachia mti wake na majani yake, na kwamba alikuwa jirani mzuri siku zote ambazo sikuwa namsemesha.

Kimya, umenyamaza kugonga. Yamekwisha? Bwana Saa, kata puti, viringisha kitonge, mpe. Tena kwa mkono. Kimya, kitie kwa dole gumba, kisukume mpaka usikie hakiendi, halafu pitisha kisu kwa kufuata mkondo wa ubao. Usikisawazishe kabisa. Acha kinundu kidogo, kwa kuwa puti ikikauka inasinyaa, na ukiisawazisha leo kesho utakuta shimo. Mpe kingine. Na kingine. Mnaona, mnaweza. Hakuna aliyeungua.

Nipumzike kidogo.

Nilikuwa nasema nini? Baba yenu. Niwaambie kitu ambacho sikuwahi kukisema, si siri, ni kwamba tu hakuna aliyeuliza. Tulifanya kazi pamoja kwenye nyumba za watu mpaka tukazeeka, na karibu muda wote huo nilikuwa naona kisogo chake. Yeye mbele anapiga misumari, mimi nyuma naziba. Akimaliza dirisha anahamia la pili, nami nafuata. Nilikijua kile kisogo kuliko uso wangu mwenyewe; nilijua leo amekasirika, leo kichwa kinamuuma, leo ana njaa. Mtu akisema tulikuwa pamoja kutwa, ni kweli, lakini unaweza kuwa nyuma ya mtu kutwa nzima na ukawa peke yako kabisa.

Isipokuwa ilipofika saa ya kusubiri. Puti ya nje haina haraka. Ukishaijaza huwezi kuipiga msasa wala rangi, utaichubua. Lazima uiache ifanye ngozi. Basi dirisha la mwisho likijazwa, hakuna la kufanya. Ndipo baba yenu aliposhuka, akageuka, akaja akakaa na mimi juu ya mbao zilizobaki, tukatazama ukuta wa nyumba ya watu. Mwenye nyumba akija kuuliza mbona mmekaa, baba yenu anajibu, "Tunasubiri puti," kwa sauti ya mtu mwenye kazi nzito. Tukaja kulifanya neno letu. Nyumbani humu, ninyi mkiwa wadogo, mmeshalala, akitaka tukae kidogo barazani aliniambia hivyo hivyo, na hakukuwa na puti wala ubao. Maisha yangu yote ya ndoa, nikiyakumbuka, nakumbuka kusubiri huko. Kazi nimeisahau.

Nani ameongea? Kimya? Rudia, sikio hili limeanza kuzimika. "Inakauka lini?" Hilo ndilo swali, mwanangu, umeuliza swali la fundi. Hii haikauki leo. Haikauki kesho. Mwisho wa wiki mnunuzi akija ataikuta bado laini, ataweka kidole na kidole kitaacha alama, mwacheni aweke. Hamwezi kupaka rangi, hamwezi kuondoka na kazi ikiwa hivyo, si mbele ya Mama Puti. Mtakaa. Bwana Saa, unaniangalia hivyo kwa nini? Ulidhani nimekutuma stoo kwa sababu ya mvua? Na mvua nayo, ndiyo. Lakini ile ya kwako ingekauka kabla ya chakula cha jioni, na kila mmoja angeshika njia yake.

Nasikia ngazi. Anashuka. Mwalimu, usimfungulie, mlango anaujua.

Bwana Saa, unakwenda wapi? Umeshazoea, eeh, akija wewe unatoka. Kaa. Kalia mikono yako kama huiamini. Kaa hivyo hivyo. Hana silaha, ana mafuta mikononi tu.

Karibu. Ingia. Usivue viatu, achana na viatu, sakafu imeona mengi. Mbona umesimama mlangoni? Njoo upande huu, nafasi ipo, nimekonda. Kaa kitandani. Hapo. Sasa na wewe Bwana Saa, lile neno ambalo umekuwa nalo jikoni miaka yote, mahali pa kulisemea ni hapa. Sema. Mimi nafumba macho, nijifanye nimelala, nimeshaonyesha kwamba najua.

...

Nimesikia. Lilikuwa fupi. Yanatosha mafupi. Na wewe usimjibu kwa kichwa, Kimya, yeye si mimi, hakuzoea. Mjibu kwa mdomo.

Haya.

Sasa na mimi nipunguze maneno, kifua kimekuwa kizito, na sioni vizuri upande wa mlangoni. Msiwashe taa. Mwenyezi Mungu awape wenye kuwashikia mikono mkiwa wagonjwa, awape watoto wanaopiga simu wakiwa hawafanyi kingine. Awazidishie... afya, na kauli njema baina yenu. Mwalimu, radhi zangu unazo. Bwana Saa, radhi zangu unazo, zote, hata za siku ile. Kimya... unazo, tangu ulipozaliwa bila kulia, wakakupiga kofi, ukatutazama tu.

Mtanilaza ubavuni pa baba yenu. Sanduku la kawaida, msinunue la kung'aa. Na saa... saa ya mazishi, pangeni mnavyotaka. Asubuhi mapema, ikiwapendeza. Hata mawingu yakiwepo.

Hakuna wa kusubiriwa. Wote mmefika.